Alama Kumi za Gari la Maziwa

Gari jipya la zimamoto lilifika kituoni asubuhi likiwa limepakwa rangi nyekundu juu ya nyeupe, na mtu aliyesimama upande wa kushoto, jua likilipiga ubavuni, aliweza kuona chini ya ule wekundu umbo la ng'ombe aliyeinamisha kichwa. Halikuwa jipya hata kidogo. Kwa miaka mingi lilikuwa limebeba maziwa kutoka kwa wafugaji hadi kiwandani. Kisha mafundi wakalifungia pampu, ngazi na king'ora, wakapaka rangi kila mahali brashi ilipofika, na manispaa ikalikabidhi kwa kituo lichukue nafasi ya gari la zamani, ambalo injini yake ilikuwa imekata roho.

"Hili likifika motoni halitapiga king'ora," alisema Sindano, akilizunguka. "Litalia mooo."

"Na wewe utalikamua," akamjibu Mama Presha bila kugeuka.

Mama Presha alikuwa mwendesha pampu wa zamu ile. Jina hilo alilipata kwa sababu kazi yake ilikuwa kuisimamia presha ya maji na, kama Sindano alivyopenda kuwaambia wageni, kwa sababu kila aliyefanya kazi naye alipandwa na presha. Sindano alikuwa na ruhusa ya kusema hivyo. Alikuwa mdogo wa mumewe, amelelewa nyumbani kwake tangu akiwa na meno ya utoto, na Mama Presha ndiye aliyemwingiza katika kazi ya zimamoto. Mama mkwe hakuipenda habari hiyo. Siku kijana alipovaa sare kwa mara ya kwanza, mama mkwe alimvuta Mama Presha kando, akamwambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wewe ndiye uliyempeleka kwenye moto. Basi uwe wewe wa kumtoa." Hakuwa anatania.

Mama Presha alikuwa ameinama mbele ya ubao wa pampu, ubavuni mwa gari. Palikuwa na vioo viwili vya duara. Cha kwanza kilionyesha maji yaliyomo tangini: mshale mmoja na alama kumi, kutoka sifuri hadi kujaa. Cha pili kilikuwa mita ya kupima maji yanayotoka kwenye mpira, nacho kilikuwa kipya, kimefungwa na wale mafundi, kikiwa na maandishi madogo yanayosomeka vizuri: mita za ujazo kwa saa. Lakini kioo cha tangi kilikuwa cha zamani. Brashi ya mpaka rangi ilikuwa imepita juu ya ukingo wake na kufunika namba zote pamoja na kibati kilichokuwa chini yake.

"Mkuu," aliita, "tangi hili linachukua lita ngapi?"

Mkuu wa zamu alikuja akifuta mikono. Alikuwa mtu mpole, mwangalifu, aliyekuwa amezima moto mwingi kuliko wote waliokuwepo, na hakuwahi kumpoteza mtu wake hata mmoja. "Si unaliona? Limelipita lile letu kwa unene."

"Unene wa nje huo."

"Alama ni ngapi?"

"Kumi."

"Basi yameisha. Alama moja, dakika moja."

Kanuni hiyo ilikuwa ya kituo kile peke yake. Gari la zamani lilibeba lita elfu sita. Kioo chake kilikuwa na alama kumi, kwa hiyo kila alama ilikuwa lita mia sita. Na mpira wao mkubwa, ukifunguliwa wote, ulitoa lita mia sita kila dakika. Lita na dakika zilikuwa zimeoana zenyewe. Aliyeingia ndani ya moto hakuhitaji kujua habari za lita. Alihitaji kujua alama zilizobaki, na alama hizo zilikuwa ndizo dakika zake za kuishi. Mgeni alifundishwa kanuni hiyo kabla ya kufundishwa kufunga buti.

"Ningependa tukwangue rangi tukione hicho kibati," alisema Mama Presha.

"Jumatatu. Jumatatu tutalikwangua, na ukitaka tutalipima kwa ndoo, wewe ukiwa wa kwanza kubeba."

"Asiyesikia la Mkuu huvunjika guu, shemeji," alidakia Sindano, na hata Kimya, mwenzake asiyesema neno kwa siku nzima, alitabasamu.

Kengele ikalia kabla tabasamu halijaisha.

*

Ilikuwa karakana ya makochi na magodoro, jengo refu jembamba lenye mlango mmoja mbele na ukumbi mwembamba unaoingia hadi stoo ya nyuma. Madirisha yake yalikuwa na nondo. Moshi uliotoka chini ya paa ulikuwa mweusi na mzito, moshi wa sponji iunguayo, na harufu yake ya gundi ilikaba koo la mtu aliyekuwa bado upande wa pili wa barabara.

Mwenye karakana aliwapokea akiwa peku. "Fundi wangu mzee yuko ndani! Alirudi kuchukua cherehani. Nilimwambia, nilimwambia mimi, cherehani ni chuma tu!"

"Yuko wapi hasa?" Mkuu alimshika mabega.

"Stoo. Mwisho kabisa. Ukumbi wote, halafu mkono wa kulia."

Mkuu hakupoteza neno. Sindano na Kimya walikwisha kuvaa barakoa, mitungi ya hewa mgongoni. Bomba la maji la zimamoto lililokuwa mtaani halikuwa limetoa tone tangu barabara ichimbwe, na jambo hilo lilijulikana. Boza la maji la manispaa lilikuwa limeitwa. Dereva wake alisema kwa simu kwamba yuko njiani, neno ambalo kwa dereva linaweza kumaanisha bado anafunga mkanda. Kwa hiyo maji yaliyokuwepo yalikuwa yale tu yaliyokuwa tumboni mwa gari.

"Mna dakika kumi," Mkuu aliwaambia wawili wale. "Tano za kwenda, tano za kurudi. Honi moja ndefu, fungueni mwavuli. Honi tatu, tokeni hata kama mmemshika mkono."

Mwavuli waliuita ule mnyunyizo mpana unaomfunika mtu dhidi ya joto. Maji ya kunyooka, yanayopiga mbali na kwa nguvu, waliyaita fimbo. Redio zao mbili zilikuwa zimekufa tangu mvua zilizopita, na katika mngurumo wa moto hakuna sauti ya binadamu inayofika. Honi ilikuwa lugha pekee. Na honi hiyo ya mkononi, kwa amri ya kituo, ilipigwa na Mkuu peke yake, ili watu wasije wakatolewa au wakabakizwa ndani kwa woga wa mtu mwingine.

Sindano alimpungia shemeji yake kwa nozeli, mdomo wa mpira. Mama Presha alifungua valvu, akasukuma kishikio cha pampu mbele. Mpira ulijikunjua barabarani, ukavimba, ukakakamaa. Wale wawili wakainama, wakaingia, na moshi ukajifunga nyuma yao.

Mita ya maji yanayotoka ilipanda, ikatulia kwenye thelathini na sita. Mshale wa tangi ulikuwa kwenye kumi.

Mkuu alisimama mlangoni, saa mkononi. "Moja!" alipaza sauti dakika ilipotimia, kwa desturi, na kwa desturi Mama Presha alipaswa kujibu, "Tisa!"

Alitazama kioo. Mshale ulikuwa kwenye nane.

"Nane!" alijibu.

Mkuu aligeuza kichwa, kisha akakirudisha mlangoni. Pengine alidhani hakusikia vizuri. Mpira ulikuwa unaingia ndani polepole, mkunjo baada ya mkunjo, jambo jema: wanasonga.

"Mbili!"

"Sita!"

Mara hii Mkuu alikuja hatua chache. "Nimesema mbili. Zinabaki nane."

"Kioo kinasema sita, Mkuu."

"Mshale wa gari kuukuu huo, uliyumba njiani. Usiuamini. Amini saa." Na akarudi, kwa maana mlango ule haukuweza kuachwa bila macho.

Mama Presha alibaki na mkono juu ya kishikio. Hakuweza kuiacha pampu. Mwendesha pampu akiondoka, maji yanabaki bila mwenyewe. Lakini macho na akili vilikuwa vyake. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuinama na kutazama chini ya gari. Kama alama mbili zilikuwa zimepotea kwa dakika moja, na alama moja ni lita mia sita, basi lita elfu moja na mia mbili zilikuwa zimetoka. Nusu kwenye mpira, na nusu nyingine wapi? Lita mia sita zikimwagika chini huwa mto. Chini ya gari palikuwa pakavu, vumbi halijaguswa.

Basi labda mpira ulikuwa unatoa maradufu. Alitazama mita. Thelathini na sita. Mita za ujazo thelathini na sita kwa saa. Alihitaji lita kwa dakika, na alihitaji sasa hivi.

Akili iliyobanwa huchukua kilicho karibu. Aliizidisha thelathini na sita kwa mia: elfu tatu na mia sita. Aligawa kwa dakika sitini za saa: sitini. Lita sitini kwa dakika. Lita sitini ni kidogo mno. Kwa mwendo huo hata tangi dogo lingedumu saa nzima, na Mkuu alikuwa sahihi, mshale ndio mgonjwa. Alikaribia kucheka.

Kisha akautazama mpira.

Lita sitini ni ndoo tatu. Ndoo tatu kwa dakika ni maji ambayo mama mmoja angeweza kuchota kisimani huku akipiga soga. Mpira uliokuwa mbele yake ulikuwa umekakamaa kama nguzo, ukitetemeka, ukilisukuma jiwe la ukingo wa barabara. Hizo hazikuwa ndoo tatu. Alikuwa amekosea mahali, na aliyekosea kwa mara kumi amekosea sifuri.

"Mita moja ya ujazo," alijiambia kwa sauti, akijilazimisha kusema polepole kama mtu anayemfundisha mtoto wa mwingine, "ni sanduku lenye urefu wa mita moja, upana mita moja, kina mita moja. Ndani yake huingia lita ngapi? Si mia. Elfu. Lita elfu moja." Thelathini na sita mara elfu: lita elfu thelathini na sita kwa saa. Kwa dakika, mia sita. Ndoo thelathini. Nusu ndoo kila sekunde, sawasawa na walivyozoea.

Mpira, basi, ulikuwa mzima. Chini pakavu. Lita mia sita zilitoka kila dakika na mshale uliteremka alama mbili kila dakika. Hakikubaki kitu cha kushuku isipokuwa alama zenyewe.

"Tatu!" Mkuu alipaza sauti mlangoni.

Mama Presha alikuwa amechomoa bisibisi mfukoni na kuanza kukwangua rangi chini ya kioo, mkono wa kushoto ukiwa bado juu ya kishikio. Rangi ilitoka kwa vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Ikatokea sifuri. Ikatokea tatu mbele yake. Thelathini. Halafu herufi mbili ndogo, h na l.

Elfu sita haikuandikwa popote. Thelathini ya nini? Alikuwa ameziona herufi hizo mara moja tu maishani, shuleni, katika jedwali lililoshuka kama ngazi: kilolita, hektolita, dekalita, lita, desilita, sentilita, mililita. Walikariri jedwali zima kwa wimbo, kisha wakatoka kwenda kuishi katika dunia ya lita na mililita, na ngazi zile nyingine hakuna aliyezikanyaga tena. Lakini wenye viwanda vya maziwa walizikanyaga kila siku. Hektolita moja, lita mia. Thelathini, lita elfu tatu.

Elfu tatu. Nusu ya walichodhani. Alipiga ubavu wa tangi kwa konde. Ulitoa mlio mfu, wa kitu kilichojazwa. Bila shaka. Tangi la maziwa lina kuta mbili, na katikati limefungiwa kitu cha kuzuia joto ili maziwa yasichachuke njiani. Unene wote ule uliomfurahisha Mkuu ulikuwa blanketi.

Alama moja ilikuwa lita mia tatu. Alama moja, nusu dakika. Na mshale, wakati akifikiri hayo, ulikuwa umeshuka kwenye nne.

"Mkuu!" Sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Mkuu, njoo hapa!"

"Siondoki mlangoni!"

"Maji yanaisha! Dakika mbili tu!"

Akaja. Alikuja akikimbia, uso umekunjamana, na Mama Presha alimwonyesha kwa bisibisi bila kupumzika: "Thelathini hizi ni hektolita. Lita elfu tatu, si elfu sita. Mpira unakula mia sita. Tulikuwa na dakika tano tangu mwanzo. Tano, Mkuu, si kumi. Zimebaki alama nne: lita elfu moja na mia mbili. Dakika mbili."

"Una hakika?"

"Tazama mita, tazama chini. Pakavu. Kama alama ni mia sita, nionyeshe maji mengine yako wapi."

Alitazama chini. Mtu mwingine angebisha kwa ajili ya heshima yake. Mkuu hakuwa na muda wa heshima. Aliuona mpira ulivyopotelea ndani ya moshi, mkunjo wa mwisho ukiwa umekwisha kunyooka. Maana yake wote wawili walikuwa mwisho wa ukumbi, stoo au karibu yake, na kutoka huko kwa kutambaa kulihitaji dakika tatu, labda zaidi kama wamebeba mtu.

"Hawatawahi," alisema taratibu. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika honi. "Nikipiga tatu sasa, watamwacha fundi, na bado maji yatawaishia ukumbini."

"Usipige tatu. Piga moja ndefu."

"Moja ni mwavuli."

"Ndiyo. Wafungue mwavuli, nami nitapunguza pampu nusu. Lita mia tatu kwa dakika. Elfu moja na mia mbili ukigawa kwa mia tatu ni dakika nne badala ya mbili. Mwavuli unaweza kuishi kwa nusu ya maji. Fimbo haiwezi."

"Ukipunguza kabla hawajafungua, moto utawarukia usoni."

"Najua."

"Huyo ni shemeji yako kule ndani."

"Najua ni nani!" alifoka. "Piga honi, baba, mshale hausubiri!"

Hakuwa amewahi kumwita baba. Mkuu alibonyeza honi, akaishikilia, na mlio wake mrefu ukafunika king'ora, mngurumo na kilio cha mwenye karakana. Alipoiachia, Mama Presha hakukigusa kishikio. Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya mpira, mahali unapotoka kwenye pampu. Mpira wa fimbo hutetemeka kwa namna moja, mpira wa mwavuli kwa namna nyingine. Mwendesha pampu huijua tofauti hiyo kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Alama ilikuwa tatu na nusu.

"Wamesikia?" aliuliza Mkuu.

"Bado."

"Nipige nyingine?"

"Ngoja." Tatu na kidogo. Kila sekunde nusu ndoo. Mpira ulitetemeka vilevile, vilevile, kisha ghafla ukabadilika; mtetemo ukawa mwororo, mpana. "Wamefungua."

Akavuta kishikio nyuma. Injini ikashusha sauti. Mita ikateremka kutoka thelathini na sita, polepole kama mzee anayeshuka ngazi, hadi kumi na nane. Mshale wa tangi ulikuwa kwenye tatu. Lita mia tisa kwa mia tatu: dakika tatu kamili. Tatu za kutosha, kama wanarudi. Na kama hawarudi, hakuna namba ya kuwasaidia.

Paa la upande wa nyuma lilitoa mlio mkubwa. Ulimi wa moto ulitokea juu ya bati, ukalamba hewa, ukarudi. Mwenye karakana alikaa chini barabarani.

"Sasa moto unapumua," alisema Mkuu. Alikuwa amerudi mlangoni, anaongea bila kugeuka. "Unajua maji yamepungua."

Mpira ukacheza. Kwanza Mama Presha alifikiri ni macho yake. Mkunjo mdogo ulijitokeza pale kizingitini, halafu ukakua: mpira ulikuwa unarudi nje. Wanakuja. Lakini ulirudi kwa kukatika, urefu wa mkono mmoja, kisha kutulia, kisha mkono mwingine, kama unavutwa na mtu anayesimama kila hatua kupumua. Wamebeba mzigo. Mshale kwenye mbili.

"Watoke wakimbie," alinong'ona, akijua kwamba ukumbi ule haukuwa wa kukimbia.

Moja na nusu. Mkunjo kizingitini ukasimama. Ukasimama kwa muda mrefu kiasi kwamba Mkuu aliingiza kichwa mlangoni, akarudi akikohoa, machozi yakimtiririka. Mshale ukagusa moja. Lita mia tatu. Mpira hausogei.

"Tatu, Mkuu! Piga tatu!"

Honi ikalia mara tatu. Mara mpira ulitikisika, ukajivuta, ukaja kwa kasi mpya. Mkono, mkono, mkono. Mama Presha alitamani kuwaongezea maji na hakuweza. Alitamani kuyapunguza ili yadumu na hakuthubutu. Alishikilia pale pale kumi na nane. Nusu ya alama. Robo. Mshale ulilala juu ya sifuri kwa utulivu wa kitu kisichojua kinasema nini. Pampu ikameza hewa, ikakohoa, mita ikaanguka, na mpira uliokuwa umekakamaa ukalainika mbele ya macho yake, ukawa bapa, ukalala.

Mlango ulikuwa mweusi na mtupu.

Kisha buti. Kimya alitoka kinyumenyume, ameinama, amemshika fundi chini ya makwapa na kumburuta, visigino vya mzee vikichora mistari miwili katika majivu. Fundi alikuwa anakohoa. Kukohoa kulikuwa kuzuri. Mkuu aliwapokea, akawavuta mpaka barabarani, akageuka mlangoni.

"Mwenzako?"

Kimya aliivua barakoa. "Nyuma yangu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilisikika mtaa mzima. "Alikuwa nyuma yangu na mwavuli! Alikuwa nyuma yangu hapa!"

Mama Presha aliiacha pampu. Pampu isiyo na maji haina haja ya mwenyewe. Aliukamata ule mpira bapa kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye gurudumu, akavuta. Ulikuja mtupu mwanzoni, mwepesi kama kitambaa. Kisha ukakaza. Upande wa pili palikuwa na uzito, na uzito ule ulivuta pia, kidogo, ukijibu.

"Mkuu! Ameshika! Hajauachia, vuta!"

Wakavuta watatu, Kimya naye akiwa ameurudia mpira. Sindano alikuja kwenye kizingiti kwa tumbo, nozeli ameikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeokolewa na kamba, mabega ya koti lake yakifuka moshi. Walimvuta mpaka katikati ya barabara kabla ya mtu yeyote kufikiria kwamba sasa angeweza kuachiwa.

Mama Presha alimvua barakoa. Macho yalikuwa mekundu, nyusi zimeungua upande mmoja, sikio la kushoto limevimba malengelenge. Alikuwa hai. Alikohoa kwa muda mrefu, akatema vitu vyeusi, kisha akamtazama.

"Shemeji," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "mbona ulinibania maji?"

"Sikukubania. Niliyagawa."

"Yaliisha nikiwa mlangoni. Sikuona kitu. Nikasema nishike tu mpira, mwisho wake kuna wewe."

Mama Presha alimfunga kitambaa chenye maji ya chupa kwenye sikio, akakifunga vibaya, akakifungua, akakifunga upya, kwa sababu vidole vyake vilikuwa bado vimekunjika kama vimeshika kishikio.

Ndipo boza la manispaa lilipotokea kona ya barabara, likipiga honi bila sababu. Dereva aliruka chini akiwa amejaa maelezo ya lori lililokwama njia panda. Moto ulikuwa umefika katikati ya paa, na nyumba ya jirani ilikuwa na ukuta mmoja tu kati yake na balaa. Mkuu alimkatiza.

"Umebeba lita ngapi?"

"Limejaa, bosi, limejaa mpaka juu!"

"Sikukuuliza kama limejaa. Lita ngapi?"

Dereva alimtazama kama mtu aliyeulizwa umri wa bibi yake. Akafikiri. "Mita za ujazo nane, nadhani. Imeandikwa pale nyuma."

Mkuu akamgeukia Mama Presha. Alikuwa amekwisha kusimama, mkono wake bado uko begani kwa Sindano.

"Elfu nane," alisema. "Mpira mmoja, dakika kumi na tatu na ushee. Mipira miwili, sita na kitu. Lakini nenda kasome mwenyewe hiyo ya nyuma kwanza."

Mkuu alikwenda nyuma ya boza, akapangusa tope kwa kiganja, akasoma, na akanyanyua kidole gumba. Mama Presha akaenda kuunganisha mpira.